Pampu ya kaiti isiyo na waya: kisa cha kituo kimoja kusini mwa Tanga

Dada mmoja mwenye kituo kidogo cha mafunzo ya kaiti upande wa Kigombe, kwenye barabara ya kutoka Tanga mjini kwenda Pangani, aliniletea swali lililoonekana la dukani tu: anunue pampu gani ya umeme, isiyohitaji soketi, ya kujazia kaiti? Ana walimu wawili vijana, kaiti tano zinazofanya kazi kila siku, mashua anayoikodi pamoja na nahodha wake, na wageni wanaofika kwa wingi wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, kisha tena wakati wa kusi masika yakishapita. Pampu moja alikwisha kuinunua. Haikumfaa, na alikuwa na hasira nayo.

Kwa asiyeujua mchezo huu wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na upepo: kaiti ninayoizungumzia si kile kishada cha watoto cha karatasi na njiti. Ni kitambaa chepesi cha polista chenye eneo la mita za mraba 7 hadi 14 au zaidi, kinachosimamishwa na mifupa ya hewa. Kuna bomba nene linalofuata ukingo wote wa mbele, na kutoka kwenye bomba hilo zinarudi nyuma mbavu, mara nyingi tatu au tano. Ndani ya kila bomba mna tyubu nyembamba ya plastiki. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ndio waliosajili hataza ya kaiti ya namna hii mwaka 1984. Walitaka kaiti ambayo ikianguka majini ielee na iweze kuruka tena. Kwa hiyo hewa si nyongeza, ndiyo mifupa yenyewe. Ikiwa pungufu, upepo wa ghafla huikunja kaiti katikati ikiwa angani, na mwanafunzi aliyefungwa nayo kiunoni anabaki na kitambaa kisichomtii.

Fungu na mgongo wa mwalimu

Ufukweni kwake hakuna shida. Umeme wa TANESCO upo, ukikatika kuna sola, na hakuna anayekimbizwa. Shida iko kwenye fungu la mchanga.

Pwani ya Tanga maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Yakipwa, mafungu ya mchanga yaliyo mbele ya ufuko huibuka, na pembeni mwake hubaki maji tulivu ya kiunoni, mahali pazuri kuliko pote pa kumfundishia anayeanza. Kupwa kwa bamvua huku kwetu huangukia saa nne asubuhi au karibu yake. Kwa hesabu ya nahodha, fungu wanalotumia hukauka saa tatu hivi na saa sita na nusu maji yameanza kulirudia. Katikati ya hapo ndipo mashua ifike, vitu vishuke, kaiti zijazwe, wanafunzi wafundishwe, kaiti zikunjwe, watu warudi. Hakuna mti, hakuna gari, hakuna nguzo. Maji mafu yakija, yale yasiyopwa sana, fungu halitoki vizuri na safari hazipo, kwa hiyo siku nzuri za mwezi zinahesabika.

Hesabu ya hewa niliifanya pamoja na walimu, kwa kupima bomba la kaiti ya mita 12 za mraba kwa utepe wa fundi cherehani: unene katikati, unene kwenye ncha, urefu, kisha mbavu. Tulipata lita 150 hivi. Kiasi hicho ni cha kuijaza tu ipate umbo. Kuifikisha kwenye psi 7 (pauni kwa inchi ya mraba) unahitaji kusukumia nusu ya kiasi hicho tena, kwa sababu hewa ya kawaida tunayoivuta ina mgandamizo wa psi 14.7, na 7 ni karibu nusu yake. Jumla ni lita 220 na ushei. Pampu ya mkono inayotoa lita mbili na nusu kwa msukumo itadai misukumo karibu 90. Kwa kaiti tano ni zaidi ya 400, na ile ya mwisho mwisho ndiyo mizito. Mwalimu anamaliza hapo akiwa ameloa jasho, ndipo anaambiwa ingia majini ufundishe.

Dada aliniambia kilichomsukuma kununua pampu si huruma kwa walimu, ingawa huruma anayo. Ni kwamba walimu walikuwa wakiiba: wanaacha kaiti kwenye psi 4 au 5 wakisema "inatosha, upepo mdogo leo". Siku moja upepo haukuwa mdogo.

Pampu iliyoandikwa 150

Pampu ya kwanza aliinunua kwa sababu ya namba kubwa kwenye boksi: 150 PSI. Muuzaji alimhakikishia kwamba kama kaiti inataka 7, hii inaipita mara ishirini. Kwa mgandamizo alisema kweli kabisa. Lakini ile ni pampu ya kujazia tairi, ya kushika mkononi, yenye betri yake ndani. Tairi la gari ni chombo kidogo kinachotaka mgandamizo mkubwa. Kaiti ni chombo kikubwa kinachotaka mgandamizo mdogo. Pampu za tairi za aina hiyo hutoa lita kumi na kitu hadi thelathini kwa dakika. Chukua 20: lita 220 ni dakika kumi na moja kwa kaiti moja, ni kujaza pipa kwa kijiko cha chai, na kabla ya kufika huko pampu imeshachemka na kujizima. Walimu waliijaribu kwenye kaiti ya mita 9, wakairudisha mfukoni, wakachukua ya mkono.

Kosa la upande wa pili pia lipo, na linauzwa kwenye maduka hayohayo: pampu ya magodoro ya hewa. Ile ni feni tu. Inajaza haraka sana hadi kaiti inapata umbo zuri la kupigwa picha, halafu inakwama chini ya psi 1 na kuendelea kupiga kelele bila kuongeza kitu.

Kinachotakiwa ni mashine iliyo na vyote viwili ndani ya ganda moja. Zipo, na nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mbao za kupigia kasia zinazojazwa upepo. Huanza na feni, inayosukuma lita nyingi. Feni ikishindwa, yenyewe inahamia kwenye pistoni, inayosukuma lita chache kwa nguvu. Maelezo ya kawaida ya pampu hizi husema lita 350 kwa dakika kwa feni na lita 70 kwa dakika kwa pistoni, na kikomo cha psi 16 au 20. Mbao hutaka psi 12 hadi 18, kwa hiyo kaiti kwao ni kazi ndogo kwa upande wa mgandamizo. Ukizichukua namba hizo kama zilivyo, lita 150 za kwanza ni nusu dakika na lita 70 za pili ni dakika moja. Sizichukui kama zilivyo. Namba za boksi hupimwa pampu ikipuliza hewani bila kizuizi, wakati tundu la kujazia la kaiti ni jembamba na hewa ya mbavu hupita kwenye vijimpira vyembamba zaidi. Nilimwambia dada apange dakika tatu kwa kaiti, na ndivyo ilivyokuja kuwa.

Kwa hiyo lita za pistoni ndizo nilizomwambia azitazame kwanza, lita za feni baadaye, na ile psi ya juu asiitazame kabisa ikishapita 10.

Betri: namba inayodanganya bila kusema uongo

Dada alikuwa ameorodhesha pampu tatu zenye betri ndani. Moja iliandikwa 20,000 mAh (miliampea-saa), ya pili 7,500, ya tatu 6,000. Akazipanga kwa utaratibu huo, kubwa hadi ndogo. Nikamwomba asome volti, maana akiba halisi ya betri, wati-saa, ni ampea-saa mara volti. Ile ya 20,000 ilihesabiwa kwa seli za volti 3.7, yaani wati-saa 74. Ile ya 7,500 ilikuwa ya volti 11.1, yaani wati-saa 83. Ya 6,000 nayo ya 11.1, wati-saa 66 na kitu. Mwenye namba kubwa alikuwa wa pili.

Matumizi ni rahisi kukadiria. Pampu hizi hula ampea kumi hivi kwa volti 12, wati 120. Dakika tatu za wati 120 ni wati-saa 6. Kaiti tano ni 30, na ukiweka akiba ya mara mbili, kwa kuwa kaiti hulegea, huhamishwa, huongezwa upepo, ni 60. Hata ile ndogo kuliko zote ingefika, mradi betri iwe mpya.

Neno "mpya" ndilo lililonifanya nisimshauri achukue yoyote kati ya zile tatu. Betri ya lithiamu huchakaa upesi ikiachwa kwenye joto, hasa ikiwa imejaa, na nyingi hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto la nyuzi zaidi ya 45. Sasa fikiria maisha yake hapa: imekaa mashuani juani, imetumika, imerudi imechemka, imechomekwa kwenye chaja papo hapo kwa sababu kesho kuna wageni wengine. Msimu mmoja, miwili, itabaki na nusu ya nguvu. Ikiwa betri imefungiwa ndani ya ganda, pampu nzima imekwisha ingawa mota yake ni nzima. Fundi wa simu wa Tanga mjini anaweza kuifungua, ndiyo, lakini akishaifungua hairudi kuwa na ule ukingo wake wa mpira wa kuzuia maji ya chumvi.

Kuna njia ya betri za drili pia. Betri ya volti 18 ya ampea-saa 5 ina wati-saa 90, na mafundi seremala wengi wanazo. Ila pampu inataka volti 12, kwa hiyo unahitaji kifaa cha kati cha kupunguza volti kinachostahimili ampea kumi mfululizo. Kituo kile hakina drili hata moja. Kwa fundi anayemiliki betri nne tayari ningesema endelea. Kwa dada huyu ilikuwa kununua mfumo mzima kwa ajili ya kazi ndogo.

Siku ya majaribio

Kabla hajaamua, mgeni mmoja Mholanzi aliyekuwa na pampu yenye betri ndani alikubali kuiazima itumike kwenye fungu. Hapa ndipo kisa kilipogeuka, na hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi, kwa sababu sijaona muuzaji yeyote anayelitaja jambo hili.

Kaskazi ilikuwa imeamka, kilomita kama 30 kwa saa. Mwalimu mdogo akatandaza kaiti ya mita 12, akaifunga kamba yake fupi kwenye mshikio wa pampu kama walivyozoea, akachomeka mpira, akabonyeza, akageuka kumsaidia mwenzake kushusha vitu. Pampu ikafanya kazi yake vizuri. Kaiti ikavimba, ikapata mgongo, ikapata mbavu. Kisha upepo ukaingia chini ya ncha moja, kaiti ikajipindua, na pampu ikaondoka nayo. Ililima mchanga hatua kadhaa, mpira ukachomoka, na vyote viwili vikaingia majini. Nahodha, mzee aliyekuwa ameketi kwenye tezi, nyuma ya mashua, akitazama, ndiye aliyeruka akaikanyaga kaiti.

"Shikamoo nahodha," mwalimu alimwambia baadaye, kwa aibu zaidi kuliko salamu.

"Marahaba. Wewe umefunga ng'ombe kwenye kikapu."

Alichokisema ndicho kiini. Kwenye pampu ya mkono, anayesukuma amesimama juu ya vikanyagio vyake. Uzito wake wote uko pale. Kamba fupi inayounganisha kaiti na pampu kwa kweli inaiunganisha kaiti na mtu. Hakuna anayefikiria hivyo kwa sababu haijawahi kuwa lazima kufikiria: kusukuma na kushikilia vilikuwa tendo moja. Pampu ya umeme inachukua nusu ya kwanza ya tendo hilo na kuitupa nusu ya pili. Ina kilo tatu hivi. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukipiga bapa mita za mraba 12 unasukuma kwa nguvu karibu sawa na uzito wa kilo 50. Kaiti iliyolala vizuri haipati hata sehemu ya kumi ya hiyo, lakini iliyopinduka inaipata yote kwa mara moja.

Tena hatari inakuja wakati mbaya kuliko yote. Kaiti isiyo na hewa ni kitambaa. Kaiti iliyojaa inajua kuruka. Inageuka kutoka hali moja hadi nyingine katika ile dakika ya pili ambayo mtu mwenye pampu ya umeme ameshajiondokea.

Pendekezo la kwanza la nahodha lilikuwa nanga ndogo ya mashua, izikwe mchangani. Inashika vizuri mno, lakini makucha ya chuma karibu na tyubu nyembamba yalinitia wasiwasi, na mwalimu mkubwa naye akakataa. Tukaishia kwenye kiroba. Kiroba kitupu cha mchele kinakwenda fungu kikiwa kimekunjwa, kinajazwa mchanga nusu palepale, kinafungwa kwa kamba yenye fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Uzito wake ni kilo 30 au zaidi, kinatosha kaiti iliyolala. Juu ya hapo ikawekwa kanuni: anayejaza hasogei mbali na ukingo wa mbele wa kaiti mpaka ajaze mchanga wa kutosha juu ya kitambaa chake. Kanuni hiyo inakula sehemu ya muda uliookolewa. Dada hakuipenda mwanzoni. Alikuwa ameshapanga moyoni mwake kwamba mashine itajaza huku mwalimu akiongea na wageni. Nilimwambia kitu anachokinunua ni mgongo wa mwalimu, si mikono yake.

Pampu ya mgeni, kwa bahati, ilikaushwa ikawaka.

Alichochagua

Alinunua pampu ya hatua mbili isiyo na betri ndani, ile ya volti 12 yenye plagi ya soketi ya kuwashia sigara ya gari. Bei yake ilikuwa chini sana ya zile tatu. Betri aliichukua kwenye duka la vifaa vya sola mjini: LiFePO4 (aina mojawapo ya lithiamu), volti 12.8, ampea-saa 12, yaani wati-saa 153. Angeweza kuchukua ile ya risasi na asidi, ya bei nafuu zaidi, lakini hiyo ukiivuta ampea kumi haikupi nguvu yake yote, haipendi kuishiwa, na ya ukubwa huo ina kilo nne hivi. Hii ya lithiamu ina kama nusu ya uzito huo, na volti yake haishuki shuki kazini, kwa hiyo pampu haichoki kwenye kaiti ya tano. Jambo moja la kuuliza dukani: je, kidhibiti kilicho ndani ya betri kinaruhusu ampea 20? Pampu ikianza, au pistoni ikiingia, huvuta zaidi ya zile kumi kwa muda mfupi, na kidhibiti dhaifu hukata umeme.

Fundi wa umeme wa magari wa Ngamiani, Tanga mjini, alimalizia. Alikata plagi ya sigara, kwa kuwa ndiyo sehemu inayochemka na kulegea kwanza, akaweka viungio vya kubana, fyuzi ya ampea 15, na waya wa milimita za mraba 2.5. Waya uliokuja na pampu ulikuwa mwembamba na mrefu. Kwa ampea kumi, mita tatu za waya wa 0.75 kwenda na kurudi hula zaidi ya volti moja njiani, na volti moja kati ya kumi na mbili pampu inaisikia. Betri ikawekwa ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko, waya ukatoka kwenye tundu lililozibwa kwa silikoni. Haipendezi machoni. Ila betri ikifa, inatolewa inawekwa nyingine. Pampu ikifa, betri inabaki kuwasha taa za kituo.

Matundu ya kujazia kaiti yalileta utafutaji mwingine. Pampu za mbao zina kichwa cha kuzungusha na kufunga, na kaiti hazitumii hicho. Kaiti zake tano zina matundu ya namna mbili tofauti, moja pana na jingine jembamba la milimita 9. Adapta zipo, za plastiki, ndogo, rahisi kupotea mchangani. Zimefungwa kwa kamba kwenye mpira wenyewe.

Geji inasema 7, kaiti inasema 5

Wiki za mwanzo walimu walilalamika kwamba pampu inajizima mapema. Wameiweka 7, imefika 7, imejizima, lakini ukiigonga kaiti kwa kidole inalia sauti nzito, si ile ya "ting" inayotakiwa. Pampu haikuwa mbovu. Geji yake iko upande wa pampu. Hewa inapopita kwa kasi kwenye tundu jembamba inajisukuma nyuma, na geji inasoma msukumo huo pamoja na wa kaiti. Mbavu nazo, zinazojazwa kupitia vijimpira, zinakuwa bado hazijashiba. Mtiririko ukisimama, mgandamizo unagawana na kushuka. Tena hewa iliyotoka kwenye pistoni ni ya moto, na ikipoa inapungua nguvu.

Dawa yake ni kuiacha sekunde ishirini, kubonyeza tena, na tena kama inabidi. Wasiongeze kipimo hadi 9 ili "ifidie", kwa sababu siku mtiririko ukiwa mzuri, 9 itakuwa 9 kweli. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kaiti yenyewe, mara nyingi kati ya 6 na 8. Kaiti kubwa huelekea chini, ndogo juu, maana bomba nene hukazwa zaidi na mgandamizo uleule kuliko bomba jembamba.

Jua nalo lina lake. Kaiti iliyojazwa psi 7 asubuhi kwa nyuzi 26, ikaachwa imelala mchangani mpaka hewa ya ndani ikafika nyuzi 50, itakuwa imepanda hadi karibu 8.7 bila mtu kuigusa. Mshono uliochoka unaweza kuachia hapo. Kaiti inayosubiri ipunguzwe kidogo, au ilazwe ikiwa na upepo unaopita juu yake, na iongezwe kabla ya kuruka. Hili hata kwa pampu ya mkono lilikuwapo, ila hakuna aliyefika 7 akalijua.

Baada ya kaskazi

Kaiti tano sasa zinakuwa tayari chini ya nusu saa tangu mashua iguse mchanga, pamoja na kujaza viroba. Pampu inapumzishwa baada ya kaiti ya tatu. Kikomo cha kufanya kazi mfululizo kwa mashine hizi ni dakika 15 hadi 20, na joto la Februari linakifupisha. Inakaa juu ya mfuniko wa ndoo, si mchangani, kwa sababu tundu la kuvutia hewa liko chini na mchanga ukiingia kwenye pistoni ndiyo mwisho wake. Jioni inafutwa kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, basi. Kelele yake walimu hawaipendi. Mmoja aliniambia zamani alikuwa akieleza somo la upepo huku akisukuma, sasa lazima asubiri. Pampu ya mkono bado inapanda mashuani kila safari, na hakuna aliyependekeza iachwe.

Yule Mholanzi, kabla ya kuondoka, aliniuliza kama naye abadili mfumo wake uwe wa ndoo. Nilimwambia hapana. Ana kaiti mbili, anasafiri kwa ndege, na pampu yake ina betri ya chini ya wati-saa 100, ambayo mashirika ya ndege huikubali bila kuomba ruhusa. Betri ya wati-saa 153 ingemlazimu aombe kibali cha shirika na aibebe mkononi ndani ya ndege, kwani betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Kinachofaa mtu mmoja mwenye begi hakifai kituo chenye mashua. Akanunua kiroba tu, kwa mama wa duka la mchele pale kijijini, na akaondoa punje za mwisho za mchele zilizokuwa ndani kwa kukikung'uta ufukweni mpaka kuku wakaja.

Dada amebakiza ununuzi mmoja: adapta za akiba za tundu la milimita 9, maana moja imeshapasuka mdomo. Betri ya pili ataifikiria kusi likianza, akiona kama wageni wanatosha safari mbili kwa siku.